Je, Wajua? Jino la Utotoni Huoza Upesi

Jino la kwanza huota mtoto akikaribia miezi 6, na laweza kuanza kuoza muda si mrefu. Tabaka gumu la nje la meno ya utotoni ni jembamba, hivyo asidi ambayo bakteria huitoa kwenye sukari hulipenya upesi. Bibi wa kijiji cha Uroa anayemtuliza mjukuu kwa chupa ya chai tamu, mama akiwa kwenye kilimo cha mwani, hana nia mbaya. Lakini mtoto akilala mate hupungua, na utamu hubaki ukiyalowesha meno. Ubuyu wenye sukari nao humumunywa muda mrefu, hivyo sukari hukaa menoni. Tazama karibu na ufizi: baka jeupe lisilouma ndiyo dalili ya mwanzo ya kuoza, na kuoza huko bado huzuilika kwa dawa ya meno yenye floridi, kiasi cha punje ya mchele.