Mfuko Mmoja, Tofali Ngapi?

Kiwanda cha Wazo, pale Tegeta, kimekuwa kikitengeneza saruji tangu 1966, na ni jirani mkubwa wa wanaojenga kuanzia Bunju hadi Bagamoyo mjini. Kwa anayepima hewa ukaa ya vifaa vya ujenzi, ujirani huo unapumbaza. Safari ya lori hadi Bagamoyo haiongezi hata kilo moja ya hewa hiyo kwa mfuko wa kilo 50. Mzigo wenyewe uko tanuruni, kwenye joto la nyuzi 1,450, na zaidi ya nusu yake haitoki kwenye moto. Inatoka kwenye jiwe la chokaa lenyewe, linaloachia hewa iliyofungwa ndani yake. Ndiyo maana kuchoma gesi asilia ya Songo Songo, pamoja na faida zake zote, haiwezi kulimaliza tatizo. Kwa makadirio ya kawaida, mfuko mmoja hubeba kilo 30 hadi 40 za hewa ukaa.

Mtaalamu ofisini huchukua mifuko iliyoandikwa kwenye mchanganuo wa gharama, akazidisha, akafunga ripoti. Saiti ina hesabu yake.

Wafyatua tofali huulizana: mfuko unatoa ngapi? Tuseme mfuko una kilo 40 za hewa ukaa. Ukitoa tofali 25, kila moja inabeba kilo 1.6. Ukivutwa hadi 40, inabeba kilo moja tu, na kwenye jedwali tofali hafifu limeshinda. Sasa lipakie, lishushe, hasa kama halikumwagiliwa maji ya kutosha: pembe zinamong'onyoka. Zikivunjika 15 umebaki na 25 zilezile, na mchanga, maji na jasho la vijana vimekwenda bure. Zilizosalimika nazo ni dhaifu. Chumvi ya bahari inazila, na mwenye nyumba anarudia lipu, ambayo nayo ni saruji.

Wapo wanaotaka turudi kwenye matumbawe na chokaa, kama msikiti wa Kaole wa karne ya 13. Mimi siafiki. Chokaa ile ilichomwa kwa kuni, na ingawa ukutani hurudisha taratibu sehemu ya hewa iliyoitoa, mikoko yetu haiwezi tena kulisha matanuru na kutoa boriti za miji ya leo. Cha kuiga kwa wazee wale ni ukuta wa kudumu: hewa ukaa igawanywe kwa miaka ambayo jengo litasimama.

Nafasi ya kuhesabu hivyo ipo: mpango wa bandari ya Bagamoyo, uliosainiwa 2013 na kusimamishwa 2019, umefufuliwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai tathmini kabla ya mradi mkubwa kuanza. Humo ningetaka tani za saruji zitajwe, kisha zihakikiwe kazi ikiendelea. Mhakiki hana haja ya mitambo: mtunza stoo huandika kila siku mifuko iliyoingia na iliyotoka. Aongezewe safu mbili tu daftarini, ya tofali zilizofyatuliwa na ya zilizovunjika.