Homoni ya Maji na Njia Yake Ubongoni

Kuanzia Mei hadi Novemba mito mingi ya Dodoma hubaki mchanga mtupu. Ng'ombe huswagwa hadi kisimani. Digidigi hukaa vichakani, hana haja ya kisima. Mwaka 1973 mtaalamu wa Kenya, Geoffrey Maloiy, alieleza kwamba mnyama huyu hupata maji majanini, na mkojo wake umekolea mno.

Je, amri ya kuhifadhi maji hutoka wapi? Zamani ilidhaniwa kuwa homoni ihusikayo, vasopresini, hutengenezwa nyuma ya tezi ya pituitari, kwa kuwa ndimo ilimopatikana. Ernst Scharrer, akichunguza ubongo wa samaki mwaka 1928, aliona seli za neva zilizofanana na tezi, wengi hawakumsadiki. Ndipo mwaka 1949 Wolfgang Bargmann, huko Ujerumani, alipotumia rangi iliyokwisha kutumika kuchunguzia kongosho. Chembechembe za buluu zikaonekana zimefuatana nyuzini kama shanga, toka hipothalamasi hadi pituitari. Kumbe sehemu ile ni ghala tu!

Hivyo ndivyo ilivyo kwa wanyama wanyonyeshao: damu ikizidi chumvi, seli hizo husisimka, ghala hufunguka, na figo hurudisha maji mwilini.