Si Tweng, Ni Mwisho wa Neno: Kwa Nini "Worked" Inakuchoma kwa Intavyu

Msee wa Buru anaweza bonga Kizungu kutoka Phase 1 hadi Phase 5 bila kupumua. Lakini apigiwe simu ya intavyu, "worked" inageuka "wakedi", ama inabaki tu "work". Hapo ndio ngori huanza. Ukisema "I work at a shop in Umoja", bosi anaskia bado uko huko, na wewe ulitoka mwaka jana.

Tuelewane kwanza. Hii si stori ya kutweng. Kuongea ka msee wa Atlanta na hujawahi vuka Athi River haisaidii mtu. Wala si ile kushrub ya "r" na "l" yenye watu hupenda kuchekea. Aksenti yako ni yako, kaa nayo. Shida ni kwamba Kizungu huficha maana mwisho wa neno, na saa zingine hapo ndio doh iko. Meza ile "n" ya "fifteen thousand" ukitaja mshahara, uone bosi ataandika nini.

Inatoka wapi? Kiswahili hupenda silabi iishe na vokali. Ndio maana "bank" ikawa benki, "shirt" ikawa shati, "bulb" ikawa balbu. Hayo ni maneno yetu sasa, hakuna makosa. Lakini mdomo ukizoea, unabandika "i" hata ukibonga Kizungu. Ama unaiogopa hiyo "i", unakata neno mapema. Na shule haikusaidii sana: English Paper 1 ya KCSE ina oral skills ya alama 30, na zote unajibu kwa karatasi. Oral, bila kufungua mdomo!

Sasa weka vidole kwa koo. Sema "ssss", halafu "zzzz". Ya pili inatetemesha koo, sindio? Hiyo ndio siri yote ya "-ed". Sauti iliyo kabla yake ikiwa haitetemeshi, kama kwa "work" na "stop", unamalizia na "t": wakt, stopt. Ikitetemesha, kama "call" na "play", ni "d": kold, pleid. Ni neno likiisha na "t" ama "d" pekee ndio unaongeza silabi, kama "wanted" na "needed". Ile "s" ya mwisho pia inafuata koo: "books" ni "s", "bags" ni "z", na "buses" ndio inapata "iz". Kuna wakorofi wachache kama "naked", "wicked" na ile "learned" ya "my learned friend" yenye mawakili hurushiana kortini. Hizo kariri tu.

Lakini kujua sheria ni kitu moja, mdomo kukubali ni ingine. Trick ni hii: usibandike vokali yako, kopa ya neno linalofuata. "Worked at" inakuwa "wak-tat". "Picked up" ni "pik-tap". "Asked if" ni "ask-tif". Hapo mdomo wa Kiswahili unapata vokali yake, na Kizungu kinabaki sawa. Na neno likiwa la mwisho kwa sentensi, isha hapo hapo kwa konsonanti. Usiniambie huwezi. Wewe husema "Sheng", si "Shengi". Husema "mat", si "mati". Husema "fom", na hujawahi ambia mtu "fomu ni gani?"

Mazoezi ni free. Panda 58 jioni, jam ya Jogoo Road itakupea time mob. Simulia siku yako chini chini: "I walked in, I waited, I asked a question." Zote tatu ziko hapo, "t", silabi nzima, na "t" ya kukopa vokali. Jirekodi na simu, skiza, hesabu ngapi umemeza. Mwenye amekaa kando yako atadhani unatongoza mtu kwa voice note. Wacha adhani.