Eti Ukikimbia Vizuri Marekani Watakusomesha?

Kila msimu wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, unapofika, kwenye viwanja vya shule kuanzia Iyunga mjini Mbeya hadi Tosamaganga nje kidogo ya Iringa, utawasikia watu wakiambizana pembeni mwa uwanja: huyu binti akionekana tu, Marekani wanamchukua. Maneno hayo yana chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayowaponza wengi. Mzazi anayelima viazi Uporoto au anayechuma chai Mufindi akishaambiwa kwamba mwanawe ana skolashipu inayomsubiri, yuko tayari kukopa, kuuza ng'ombe na kumlipa mtu asiyemjua. Kijana naye anaacha daftari akazanie mazoezi. Tuyachambue madai hayo, tuone lipi ni kweli na lipi si kweli.

"Mtanzania hawezi kufika huko kwa miguu yake."

Si kweli. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita mkoani Mara, alisoma Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso, na kuanzia 1979 hadi 1982 alitwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani wa mita 10,000 mara nne mfululizo. Katikati ya miaka hiyo alivaa jezi ya taifa na kushinda medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow, 1980. Wala hakuwa Mtanzania peke yake pale El Paso. Gidamis Shahanga, aliyekuwa bingwa wa marathoni wa Jumuiya ya Madola mwaka 1978, alisoma chuo hichohicho. Katika mpira wa kikapu, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alikichezea Chuo Kikuu cha Connecticut kuanzia 2006, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA. Majirani zetu Wakenya ndio wameifanya njia hii kuwa barabara kuu. Henry Rono alivunja rekodi 4 za dunia mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State, na Edward Cheserek alimaliza Oregon mwaka 2017 akiwa na mataji 17 ya vyuo.

"Umri si tatizo. Nyambui alikwenda akiwa mtu mzima."

Hili nalo si kweli, na ndilo linalowakata vijana wetu bila wao kujua.

Nyambui alizaliwa 1953. Piga hesabu: taji lake la kwanza la mita 10,000 alilipata akiwa na miaka 26, la mwisho akiwa na 29. Makocha wa vyuo vingine walilalamika kwamba vijana wao wa miaka 19 wanapambanishwa na watu wazima, na NCAA, chombo kinachosimamia sehemu kubwa ya michezo ya vyuo vya Marekani, kikabana masharti. Kanuni imebadilika sura mara kadhaa tangu hapo, lakini kwa muda mrefu daraja la kwanza, lile la juu kabisa la vyuo vyake, limeendeshwa hivi: ukimaliza sekondari, katika michezo mingi una mwaka mmoja tu wa kujiunga na chuo. Mwaka huo ukipita nawe unaendelea kushindana katika mashindano rasmi, kila mwaka wa ziada unapunguzwa kwenye miaka yako minne ya kukichezea chuo.

Na mashindano rasmi si lazima yawe ya kimataifa. Mbio zenye usajili, namba kifuani na muda unaorekodiwa zinatosha. Sasa mfikirie kijana wa Uyole aliyemaliza shule akabaki nyumbani. Mwaka huu anakimbia Mbeya Tulia Marathon, mwaka ujao anapanda basi kwenda Moshi kukimbia Kilimanjaro Marathon, mwaka wa tatu anatafuta mbio nyingine yenye zawadi. Yeye anaamini anajenga jina. Kwa macho ya wakaguzi wa NCAA anakula akiba yake mwenyewe. Fedha za zawadi nazo huulizwa: kwa miaka mingi aliyekuwa hajaingia chuo aliruhusiwa kupokea kiasi kisichozidi gharama zake halisi za kushiriki, kwa hiyo risiti ya nauli na ya nyumba ya wageni si karatasi za kutupa.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu ni jambo ambalo mwalimu wa michezo angeweza kulimaliza kwa mazungumzo ya nusu saa na mwanafunzi wa kidato cha tatu.

"Ukichukuliwa unasomeshwa bure, chakula na malazi juu."

Wachache, ndiyo. Wengi, hapana.

Hadi mwaka 2025 kila mchezo katika daraja la kwanza ulikuwa na ukomo wa skolashipu. Michezo michache ilikuwa na nafasi kamili zisizogawanyika: kikapu cha wanaume 13, kikapu cha wanawake 15, voliboli ya wanawake 12. Aliyepata nafasi hapo alipata yote. Michezo mingine ilipewa fungu ambalo kocha aliligawa apendavyo. Riadha ya wanaume, pamoja na mbio za nyika, ilikuwa na fungu la 12.6. Ya wanawake, 18. Soka ya wanaume, 9.9.

Tuitazame hiyo 12.6. Timu ya riadha inahitaji wakimbiaji wa mita 100, wa viunzi, wa masafa marefu, warukaji, warusha tufe na mkuki. Kocha mwenye watu 36, akiwagawia sawasawa, anampa kila mmoja asilimia 35 ya gharama. Bila shaka hakuna kocha anayegawa sawasawa. Anayetarajiwa kuleta pointi kwenye fainali hupewa yote, wa kati hupewa ada ya masomo tu au vitabu, na wa mwisho hupewa jezi. Familia ya Marekani huweza kuziba pengo kwa mikopo na misaada ya serikali yao, mlango ambao mgeni mwenye viza ya masomo hana. Ndiyo maana nusu skolashipu, ambayo kwa mtoto wa Ohio ni neema, kwa mtoto wa Kihesa inaweza kuwa barua isiyo na matumizi: nusu iliyobaki ni maelfu ya dola kila mwaka.

Hata aliyepewa yote ana makato. Sehemu ya skolashipu inayolipia chakula na malazi huhesabiwa na serikali ya Marekani kuwa kipato, na mwanafunzi wa kigeni kwa kawaida hukatwa kodi ya asilimia 14 juu yake. Ada ya masomo na vitabu vya lazima havikatwi. Tena skolashipu nyingi hutolewa kwa mwaka mmoja mmoja. Tangu 2012 vyuo vinaruhusiwa kutoa za miaka kadhaa, lakini kuruhusiwa si kulazimishwa. Muulize kocha waziwazi: hii ni ya miaka mingapi, na nikivunjika mguu itakuwaje?

Kuna pia vyuo visivyotoa skolashipu ya michezo kabisa. Daraja la tatu lote la NCAA halitoi. Harvard, Yale na wenzao wa Ivy League hawatoi. Wao husaidia kulingana na uwezo wa familia. Kwa mtoto maskini mwenye alama za juu sana darasani, msaada huo unaweza kuwa mnono kuliko fungu lolote la riadha.

"Siku hizi ukomo umefutwa, kwa hiyo nafasi zimeongezeka."

Nusu kweli, na nusu iliyobaki ndiyo yenye uzito. Juni 2025 Jaji Claudia Wilken wa California aliidhinisha makubaliano ya kesi iliyokuwa ikiikabili NCAA. Vyuo vilivyoyakubali vinaweza kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza, na ukomo wa idadi ya skolashipu umeondoka. Badala yake umewekwa ukomo wa watu kwenye kikosi: riadha 45, mbio za nyika 17, soka 28, kikapu 15. Ndani ya idadi hiyo chuo kinaweza kumsomesha kila mchezaji kikitaka. Kikitaka. Fedha nyingi zinakwenda kwenye mpira wa Kimarekani na kikapu, michezo inayojaza viwanja na kuuza haki za televisheni. Kocha wa riadha aliyezoea kumpokea kijana mbichi amlee miaka miwili, sasa amebanwa na idadi, na atataka aliyekwisha kuiva.

"Kuna skolashipu za hoki, na watoto wetu wanaweza kujaribu."

Kwa wasichana, kweli kwa kadiri fulani. Kwa wavulana, karibu si kweli. Hoki ya wanaume inayotambuliwa na NCAA ni ya barafu. Ilikuwa na ukomo wa skolashipu 18, sasa kikosi cha watu 26, na tangu Agosti 2025 daraja la kwanza limefunguliwa pia kwa wachezaji wa ligi kuu za vijana za Kanada, waliokuwa wakizuiwa zamani. Ushindani huo si wa mtu ambaye hajawahi kukanyaga barafu. Hoki ya nyasi, ile ambayo Tanzania iliipeleka timu Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 na kufungwa na India 18-0, huchezwa na wanawake tu katika NCAA. Fungu lake lilikuwa skolashipu 12. Kikosi kipya ni watu 27.

"Mwenye kipaji hawaangalii vyeti vyake."

Si kweli hata kidogo. Kabla ya kukimbia hatua moja, mwanafunzi wa daraja la kwanza hupitishwa kwenye kituo cha NCAA cha kukagua sifa: masomo 16 ya msingi ya sekondari, yakiwemo Kiingereza, hisabati, sayansi na maarifa ya jamii, kwa wastani usiopungua 2.3 katika kipimo cha 4.0. Tangu 2023 mtihani wa SAT wa kujiunga na vyuo si sharti la NCAA, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuudai. Kisha chuo kitataka uthibitisho wa Kiingereza. Hisabati ya kidato cha nne, ile tunayowaachia watoto waipate F tukisema si kipaji chao, ndiyo hiyo inayokaguliwa. Kocha wa Arkansas hawezi kuifuta F iliyoandikwa na NECTA.

"Bila wakala hupati, na wakala mzuri hulipwa asilimia."

Si kweli. Kanuni za NCAA zinakataza mtu kulipwa kwa kigezo kwamba amempatia mwanafunzi skolashipu. Anayedai asilimia anaweza kumfungia mtoto mlango aliodai kumfungulia. Yupo pia anayekuja na mkataba wenye nembo uitwao National Letter of Intent akitaka mzazi aweke saini haraka. NCAA iliufuta mpango huo Oktoba 2024. Hati zinazohesabika ni makubaliano ya msaada wa fedha kutoka chuoni na fomu ya I-20 ya kuombea viza ya masomo, ambayo hutolewa na chuo chenyewe na si mtu wa kati.

Anachotaka kocha kukiona hakina gharama: barua pepe fupi yenye mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kumaliza shule, matokeo ya darasani, na muda uliokimbia, umbali gani, uwanja gani, tarehe gani. "Nilikuwa wa kwanza mkoani" haimwambii kitu. Dakika na sekunde zilizopimwa vizuri humwambia yote. Ushauri wa EducationUSA kupitia ubalozi wa Marekani Dar es Salaam nao ni bure.

"Ukishapata chuo, viza ni mambo madogo."

Kwa sasa dai hili ndilo la hatari kuliko yote. Tangazo la Rais wa Marekani la Desemba 2025 liliiingiza Tanzania katika orodha ya nchi zenye vizuizi, na kuanzia 1 Januari 2026 viza za F, M na J, ambazo ndizo za wanafunzi, zikasitishwa kwa Watanzania isipokuwa wenye misamaha maalumu. Maamuzi ya namna hii hubadilika, na yanaweza kubadilika tena. Lakini anayepokea pesa ya mzazi Mbalizi au Ipogolo huku ananyamaza juu ya hilo anamwibia.

"Basi bila Marekani hakuna njia."

Si kweli. Alphonce Simbu wa Singida, mwanajeshi wa JWTZ, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo mnamo Septemba 2025 bila kupitia chuo cha Marekani. Kanada ina skolashipu za michezo, ingawa kwa kawaida huishia kwenye ada. Hapa jirani, vyuo vikuu vya Strathmore na USIU vya Nairobi vina timu za hoki na kikapu zinazocheza ligi za Kenya, na Ndejje ya Uganda imejijengea jina kwa kuwasomesha wanamichezo. Nyumbani, mikopo ya HESLB hutazama uhitaji wa mwombaji, na Samia Skolashipu huwatazama waliofanya vizuri zaidi katika sayansi kidato cha sita. Medali haina safu kwenye fomu hizo.

Natamani hilo libadilike, na libadilikie huku kwetu. MUST na Chuo Kikuu Katoliki pale Mbeya, Mkwawa, Ruaha na Chuo Kikuu cha Iringa kule Iringa, vyote vinapeleka timu kushindana na vyuo vingine na vyote vinapenda kushinda. Kila kimoja kikitangaza hadharani nafasi tano tu za ada kwa waliong'ara UMISSETA na kufaulu mitihani, masharti yakabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kila shule ya sekondari kabla ya mitihani ya Novemba, mwalimu wa michezo wa Rungwe atakuwa na jibu la kumpa mzazi kabla wakala hajabisha hodi.