Nati za sproketi: kukaza peke yake hakutoshi

Katika njia za vumbi za Sindeni na Kwamatuku wilayani Handeni, au Magoma na Mashewa upande wa Korogwe, pikipiki hubeba gunia la mahindi pamoja na mwenye gunia. Mtikisiko huo hulegeza nati, na zinazosahaulika zaidi ni zile zinazoshika sproketi ya nyuma, nne kwa pikipiki nyingi za cc 125.

Zikilegea, sproketi hucheza na kutanua matundu ya habu. Hapo linalonunuliwa si nati tena, ni habu nzima, na dereva wa mkataba hukosa hesabu ya tajiri.

Wengi hukaza kwa nguvu kila zinapolegea, wengine hata kuchomeka bomba kwenye spana. Bolti huchoka, kisha hukatika. Kinachofaa ni kufungua gurudumu, kufuta grisi na vumbi kwenye nyuzi za bolti, kutia gundi ya nati kidogo, kisha kukaza kwa zamu, nati na ile inayoikabili. Vibati vinavyokunjwa kuzuia nati visirudiwe: bati likikunjwa mara ya pili hupasuka, na bei yake ni ndogo mno mbele ya habu.

Fundi mzuri huchora mstari wa rangi kutoka nati hadi sproketi. Mstari ukiachana, nati imezunguka, na dereva huona hilo asubuhi kabla ya abiria wa kwanza.

Cheni nayo icheze, kama milimita 20 hadi 30. Iliyokazwa mno huvuta sproketi kila gurudumu linapoingia shimoni.