Maji Safi kwa Nguvu za Miguu

Debe moja la maji lina uzito wa kilo 18 na zaidi. Mama wa nyumba atekaye maji kisimani kwa ndoo na kamba huinua uzito huo kwa mikono yake mara nyingi kila siku, kisha huuchukua kichwani mpaka nyumbani. Na baada ya taabu hiyo yote huenda maji aliyoyapata yakawa machafu, kwa kuwa ndoo iliwekwa chini penye matope, na kamba ilishikwa na mikono ya watu wengi. Kwa hesabu ya mashirika ya Umoja wa Mataifa, katika mwaka 2022 watu wapatao milioni 2,200 duniani walikosa maji ya kunywa yaliyo salama nyumbani kwao. Kwa sababu hiyo mafundi wa nchi mbalimbali wameitazama upya baiskeli, chombo kijulikanacho karibu kila mahali, ili ifanye kazi ya kupandisha maji na hata kuyasafisha.

NGUVU YA MIGUU

Sababu ya kuchagua miguu ni rahisi kufahamu. Misuli ya mapaja ni mikubwa kuliko ile ya mikono, nayo haichoki upesi. Mtu mzima mwenye afya njema aweza kukanyaga pedali kwa nguvu ya wati 75 kwa muda mrefu bila kutaabika sana. Hata kama nusu ya nguvu hiyo itapotea katika mnyororo na katika pampu, nusu iliyobaki yatosha kupandisha debe moja la maji kutoka kina cha mita 10 kwa muda usiotimia dakika moja. Mashine haimpi mtu nguvu asiyokuwa nayo. Humwezesha tu kuitumia vema ile aliyo nayo.

PAMPU YA KAMBA

Katika mji wa San Andrés Itzapa, nchini Guatemala, Amerika ya Kati, mafundi wa shirika liitwalo Maya Pedal walianza katika miaka ya 1990 kugeuza baiskeli kuukuu kuwa mashine za kazi. Mojawapo ya mashine hizo ni pampu ya kamba.

Kazi yake ni hivi. Baiskeli husimamishwa imara karibu na kisima isiende popote, na pedali zake huzungusha gurudumu lililo juu ya kisima. Kamba ndefu iliyoungwa ncha zake hupita juu ya gurudumu hilo, hushuka mpaka ndani ya maji, kisha hupanda tena kwa kupitia bomba la plastiki. Kamba hiyo imefungwa visahani vidogo vya mpira, ambavyo upana wake wakaribia kuwa sawa na upana wa bomba. Kila kisahani kipandapo hubeba maji yaliyo juu yake, mpaka yakamwagika katika mdomo wa bomba. Kamba ikikatika hufungwa nyingine, na kisahani kikilika hukatwa kingine katika tairi kuukuu. Fundi yeyote wa baiskeli aweza kuitengeneza.

Faida nyingine ni kwamba kisima chenye pampu chaweza kufunikwa kwa zege. Ndoo chafu haiingii tena, wala maji ya mvua hayarudishi uchafu ndani. Kwa njia hiyo pampu huyalinda maji, lakini haiyasafishi.

KUSAFISHA MAJI KWA PEDALI

Maji ya mto au ya bwawa hayana budi kuchujwa. Kichujio chenye matundu madogo sana, yawezayo kuzuia vijidudu, hakipitishi maji upesi mpaka yasukumwe kwa nguvu. Hapo ndipo miguu inapofaa tena. Kampuni ya Nippon Basic ya Japani ilitengeneza baiskeli iitwayo Cycloclean, ambayo pampu yake na vichujio vyake vimefungwa nyuma ya kiti. Mtu huiendesha mpaka mtoni, huisimamisha, hutumbukiza mpira wa kuvutia maji, kisha hukanyaga pedali. Maji husukumwa katika vichujio, nayo baiskeli hutoa kadiri ya lita 5 za maji safi kwa dakika. Lakini vichujio hivyo huchakaa, na fundi wa kijijini hawezi kuvitengeneza kama awezavyo kutengeneza kamba.

SUMU ISIYOONEKANA

Liko jambo moja ambalo yampasa kila mtu kulikumbuka. Vijidudu si adui wa pekee. Katika nchi ya Bangladesh mamilioni ya visima vyembamba vya pampu vilichimbwa ili watu waache kunywa maji machafu ya mabwawa. Maji yake yalikuwa meupe na matamu. Lakini katika mwaka 1993 iligunduliwa kwamba baadhi yake yalikuwa na arseniki, sumu itokayo katika udongo wenyewe, ambayo humdhuru mtu polepole kwa miaka mingi. Kuyachemsha maji hayo hakuondoi sumu. Ilibidi visima vipimwe kimoja kimoja. Vyenye sumu vikapakwa rangi nyekundu, na vilivyo salama vikapakwa rangi ya kijani.

Hapa Kenya pia, katika sehemu za Bonde la Ufa, maji ya ardhini yana floridi nyingi, ambayo huyatia meno ya watoto rangi ya kahawia. Kichujio cha vijidudu hakiiondoi.

Basi kijiji kitakacho pampu ya pedali kinapaswa kufanya mambo matatu. Kwanza, maji yapimwe na wataalamu kabla fedha hazijatumiwa. Pili, ichaguliwe mashine ambayo vipuri vyake vyapatikana karibu. Tatu, achaguliwe mtu wa kuitunza, na kila nyumba itoe fungu lake la fedha za matengenezo. Bila mambo hayo, baiskeli ya maji itasimama kisimani ikipata kutu, na mama wa nyumba atairudia ndoo yake.