Doa jeusi unyayoni

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya unyayo. Najua baadhi yenu mtacheka. Uso tunautazama kwenye kioo kila asubuhi, na mikono tunaiona tukila. Lakini unyayo, ni nani anayeugeuza akautazama?

Baba yangu mdogo alikuwa mvuvi pale Zinga, njia ya kutoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo. Maisha yake yote alikwenda pwani miguu mitupu. Siku moja nilimkuta anachechemea.

"Shikamoo baba mdogo. Mguu una nini?"

"Marahaba, mwanangu. Si kitu. Mwiba wa taa ulinichoma zamani, pameacha weusi."

Jirani yake aliyekuwa anashona nyavu akadakia kwamba si mwiba ule, bali amekanyaga kitu alichotegewa. Basi doa lile lilikaa miaka mitatu. Lilichanjwa kwa wembe, likapakwa dawa, likafunga, likafumuka tena. Alipokubali kwenda hospitali tayari alikuwa na mtoki mkubwa kinenani. Daktari alikata kipande cha nyama kikapimwa kwa darubini. Jibu likaja: melanoma. Tulimzika kabla ya mwaka kwisha.

Melanoma ni saratani inayoanzia katika seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Kwa watu weupe husababishwa zaidi na jua kali. Sisi weusi rangi yetu hutukinga, na ndiyo maana kwetu ugonjwa huu ni wa nadra. Lakini unapotupata, mara nyingi hautokei penye jua. Hutokea unyayoni, kiganjani au chini ya ukucha. Mwanamuziki Bob Marley wa Jamaica aligunduliwa kuwa nao mwaka 1977, chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Alifariki tarehe 11 Mei, 1981, akiwa na umri wa miaka 36.

Hapa nisieleweke vibaya. Ndugu zetu wenye ualbino wanauawa na saratani ya ngozi inayoletwa na jua, ila yao kwa kawaida ni ya aina nyingine, siyo melanoma. Wao kofia pana, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua ni uhai wao. Lakini mafuta hayo yasingemwokoa baba yangu mdogo.

Sasa swali ambalo wataalamu wamehangaika nalo ni hili. Wagonjwa wawili wana melanoma inayofanana kwa macho. Kwa nini mmoja anaishi miaka mingi na mwenziwe anakufa upesi?

Jibu la kwanza lilitolewa na daktari wa Marekani, Alexander Breslow, mwaka 1970. Alipima kina cha uvimbe kwa milimita. Uvimbe ambao haujafika hata milimita 1 kwenda chini, ukikatwa wote, wengi sana wa wagonjwa hupona. Kadiri unavyozama ndivyo hatari inavyozidi. Kipimo hicho kinatumika mpaka leo.

Jibu la pili limo ndani ya seli zenyewe. Karibu kila seli ya mwili ina jeni zote tulizorithi kwa baba na mama. Lakini si zote zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Wenyeji wa Bagamoyo, mji wa ngoma, watanielewa upesi. Ghalani zimetundikwa ngoma za kila namna. Ukitaka kujua kuna shughuli gani leo, usihesabu ngoma zilizomo ghalani, sikiliza inayopigwa. Harusi ina ngoma yake, na jando lina ngoma yake. Jeni nazo ni hivyo hivyo. Jeni inapofanya kazi hutoa ujumbe, na wataalamu sasa wanaweza kuupima ujumbe huo katika kipande cha uvimbe na kujua ni jeni zipi zimeamka na zipi zimelala.

Mwaka 2015 watafiti wa mradi mkubwa wa Marekani walitoa matokeo ya kupima vipande 333 vya melanoma kwa njia hiyo. Walipozitazama jeni zilizoamka, vipande viligawanyika katika makundi matatu. Katika kundi moja, jeni zilizokuwa zikivuma ni zile za kinga ya mwili, na chembe nyeupe za damu zilikuwa zimejipenyeza ndani ya uvimbe wenyewe. Wagonjwa wa kundi hilo ndio walioishi muda mrefu kuliko wenzao.

Ndugu wasikilizaji, chembe nyeupe si ngeni kwetu. Tangu tulipoanza kuelimishana juu ya UKIMWI tumeziita askari wa mwili. Tulidhani askari hawa wanapambana na wadudu wa nje tu. Kumbe humtambua pia mwasi wa ndani. Wakimwona hutoa kemikali iitwayo interferoni, na wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Seli zilizo karibu zinapoisikia mbiu hiyo huamsha jeni za ulinzi, na askari wengine wanakuja.

Lakini saratani ni mjanja. Askari hawa wana breki, waliyowekewa ili wasije wakaushambulia mwili wenyewe. Seli ya saratani ikisikia mbiu, nayo inaweza kuamsha jeni inayoibonyeza breki ile. Askari wamefika mlangoni na silaha zao, lakini wanasimama tu wanatazama.

Wataalamu wawili, James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, walizichunguza breki hizo, na mwaka 2018 walipewa Tuzo ya Nobel. Dawa zilizotokana na kazi yao haziui saratani zenyewe. Zinaiachia breki, askari wakafanya kazi yao. Dawa ya kwanza iliruhusiwa Marekani mwaka 2011. Kabla ya hapo, mtu ambaye melanoma imeshamtapakaa mwilini kwa kawaida hakumaliza mwaka. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2024 yanaonyesha kwamba kati ya wagonjwa 100 wa namna hiyo waliopewa dawa mbili kwa pamoja, 43 walikuwa hai baada ya miaka 10. Hiyo si habari ndogo.

Sasa niseme upande wa pili wa habari hiyo. Utafiti mwingi huu umefanywa kwa watu weupe, ambao melanoma yao imeletwa na jua. Jua huziharibu jeni za seli mahali pengi, na kila palipoharibika ni alama inayomwezesha askari kumtambua mwasi. Melanoma ya unyayoni haina alama nyingi hivyo. Askari huitambua kwa shida, na dawa hizi huisaidia kidogo zaidi. Pia bei yake ni mamilioni ya shilingi. Mvuvi wa Zinga haiwezi, wala mtumishi wa serikali haiwezi.

Kwa hiyo naona mambo mawili. La kwanza ni la wakubwa. Unyayo wa Mwafrika nao upimwe, na vipande vinavyokatwa katika hospitali zetu vihesabiwe katika elimu hii. Tunacho kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale KCMC Moshi tangu mwaka 1992, na tunayo Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Dawa ya kesho haitatufaa kama wagonjwa wa kwetu hawakuwamo katika hesabu.

La pili ni letu sote, na halihitaji hata senti. Tutazame nyayo. Weusi wengi tuna madoa unyayoni na mistari kwenye kucha ambayo haina ubaya wowote. Msiogope kila doa. La kuogopa ni lile linalokua, lenye kingo zisizo sawa au rangi zilizochanganyika, au kidonda kisichopona. La kuogopa pia ni mstari mweusi wa ukucha unaopanuka na kuingia kwenye ngozi. Ukiliona, usilichanje wala usilichome. Nenda zahanati, uombe barua ya kwenda hospitali ya wilaya, ukakatwe kipande kipimwe. Anayesubiri mtoki amechelewa.

Leo usiku mkinawa miguu kabla ya kulala, chukueni taa. Mzee ambaye hawezi kuinama, mjukuu amtazamie. Baba yangu mdogo alikuwa na wajukuu saba nyumbani, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa atazame.

Kwaherini, tukijaliwa tukutane wiki ijayo.